Kilemba Alichonyimwa Mwaija

Husseni bin Bwanausi alijifunza kuwamba vitanda kwa dada yake, Mwaija, na siku ya kufuzu akakifunga kilemba kichwani kwa Fundi Mwinyijuma, ambaye hakuwahi kumfundisha hata fundo moja. Huo ndio ubaya wenyewe. Haukufanyika gizani wala kwa kunong'ona. Ulifanyika Bagamoyo mchana kweupe, Ijumaa, watu wametoka msikitini, na waliouona walikuwa wengi.

Asiyejua mambo ya mafundi atasema, kilemba ni nini, si kitambaa tu? Zama zile, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao pwani, mtu hakuwa fundi kwa kuijua kazi peke yake. Akishamaliza kujifunza, uwe useremala au uhunzi, alinunua kitambaa kipya, akawaita mafundi, akamvika mwalimu wake kilemba mbele yao na kusema, "Huyu ndiye aliyenishika mkono." Mwalimu humjibu, "Nimekuhalalishia kazi." Tangu hapo kazi ni halali yako, na popote uendapo, ukiulizwa wewe ni mkono wa nani, unamtaja yule. Mwalimu akifa, jina lake hubaki linatembea kwa miguu ya wanafunzi wake.

Mwaija hakuzaa. Mumewe alifia safarini bara akamwachia nyumba ya makuti na ua wake. Hakuwa na mtoto wa kuliita jina lake akishaondoka duniani. Alikuwa na kazi yake, na alikuwa na mwanafunzi mmoja.

Baba yao, Bwanausi, alikuwa seremala wa vitanda mtaa wa Gongoni. Vitanda vyake vya mninga na mvule vililaliwa na Waarabu wa pembe, Wahindi wa madukani, na maharusi wa pwani yote mpaka Saadani. Matendegu, ile miguu ya kitanda, aliyapata kwa Majaliwa mkereza, aliyeuzungusha mti kwa uta wa kamba huku akiuchonga kwa patasi, na mti ukatoka una shingo, una kiuno, una vikuku vya miguuni, kama mwanamke aliyevaa kwenda harusini. Bwanausi akiyapokea aliyapapasa kwanza, akacheka peke yake kwa raha. Kisha akayaunganisha na mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, bila msumari hata mmoja. Ukijaribu kukitikisa kitanda cha Bwanausi, ulitikisika wewe.

Lakini mbao ni za kutazamwa na wageni. Mwili unalala juu ya kamba, na kamba ilikuwa kazi ya Mwaija tangu yu msichana.

Hakununua kamba ya mtu. Aliyafukia makumbi ya nazi kwenye tope la mikoko mwenyewe, na alijua kwa kunusa kama yameiva: yakinuka yai viza, bado, yakinuka ardhi iliyonyeshewa, tayari. Aliyapiga kwa gongo, akayasuuza, akapata usumba mwekundu, akausokotea pajani mpaka ngozi ya paja ikawa ngumu kama ya kisigino. Kamba yake ilitoka nyembamba, sawasawa mwanzo mpaka mwisho, haina unyoya wa kumchoma mtu mgongo. Kisha aliilowesha, kwa kuwa kamba inayowambwa ikiwa na maji hujikaza yenyewe ikikauka. Halafu alipanda juu ya kitanda, kisigino kimekanyaga ubao wa miguuni, akavuta, akapitisha, akavuta, mgongo wake ukiinuka na kushuka kama mtu anayepiga makasia. Walikuwapo watu waliokuja kununua kitanda wakasahau walichojia, wakabaki kumtazama.

Baba yake, macho yalipoanza kuingia ukungu, hakuvitazama tena vitanda. Alivipiga kofi akasikiliza.

"Huku miguuni kinasinzia," alisema. "Kiamshe."

Mwaija akakaza. Bwanausi akapiga tena, kitanda kikalia kama ngoma iliyotoka kupashwa moto.

"Sasa kimeamka. Sasa mtu atalala."

Jambo jingine la kulijua ni kwamba Mwaija alikuwa na shoto. Mkono wa kushoto una haja zake zinazojulikana, na mama yake alimfunga kitambaa mkono ule alipokuwa mdogo ili autumie wa kulia. Kula alijifunza kula kwa wa kulia. Kazi ikakataa. Aliyemfungua alikuwa Bwanausi.

"Mwacheni," alisema. "Kamba hailiwi, wala haisalimiani na mtu."

Basi Mwaija akawamba kwa shoto, na kamba zake zikalalia kushoto, ilhali za mafundi wengine wote zililalia kulia. Ukiingia chumba cha mtu ukaona zimelalia kushoto, huna haja ya kuuliza. Wapo waliokunja pua mwanzoni. Walipolala usiku mmoja pua zikakunjuka.

Bwanausi alipofariki, mwanawe wa kiume alikuwa bara na misafara. Husseni aliondoka kijana mwenye nguvu, na alirudi kutoka Unyanyembe akichechemea, pembe limemwangukia gotini. Alikuja mpaka mlangoni kwa dada yake akasimama.

"Hodi humu ndani."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni mzigo wa pembe, umerudi bila pembe."

Mwaija akajua ni ndugu yake. Watu wengine wakiumia hulia, Husseni hufanya mzaha. Akampokea, akamkanda goti kwa mafuta ya nyonyo, akampikia uji. Siku zilipopita Husseni akaacha mzaha, akawa anakaa ukutani anautazama mguu wake.

"Nitakula nini mimi, dada? Pagazi kiwete ni mzigo wa pagazi mwenziwe."

"Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Basi sogea hapa. Shika huu mwisho wa kamba, wala usiuachie mpaka nikwambie."

Ndivyo alivyoanza. Alijifunzia uani, miongoni mwa vyungu na kuku, na majirani walipata la kusema. Sikuzani, jirani wa pili, alichungulia juu ya ua wa makuti.

"Bi Mwaija! Nasikia umeweka mwali ndani. Mbona mwali mwenyewe ana ndevu?"

"Ndio mwali wa mwaka huu, Bi Sikuzani," Husseni akamjibu. "Nimekosa kungwi tu. Njoo wewe."

"Ndevu hizo mimi siziwezi!"

Wakacheka wote. Lakini Husseni alipokwenda msikitini, wanaume nao walimcheka, na kicheko chao hakikuwa kama cha Sikuzani. Walimwita mwanafunzi wa jikoni. Walimuuliza kama ameshafundishwa na kukuna nazi.

Haki isemwe, mkono alikuwa nao. Mwanzo kamba ilimkata vidole, na kitanda chake cha kwanza kilibonyea katikati hata paka alikikataa. Mwaija alikifumua chote, akamrudisha mwanzo. Hakumtukana, hakumsifu. Alikuwa akimshika kiganja na kukipeleka inakotakiwa kwenda, mpaka kiganja kikajua njia. Husseni hakuwa na shoto, lakini hakuijua namna nyingine ya kuwamba ila ya dada yake, basi mkono wake wa kulia ukajifunza kupeleka kamba kushoto. Jambo hilo si rahisi, na alipoliweza aliliweza vizuri sana. Ikafika siku Mwaija akapiga kofi kitanda alichokiwamba Husseni peke yake, akasikiliza, akatafuta pa kusema panasinzia, akapakosa. Akaingia ndani akakaa kidogo kitandani mwake. Alitamani baba yake angalikuwapo akisikie.

Husseni akamwambia, "Dada, Ijumaa ijayo nataka kufuzu. Kitanda cha kufuzia kitakuwa cha Tabia, mjukuu wa Bi Zuleha, anaolewa Jumapili. Fanya chakula, mafundi watakuja kula."

Hakusema watakula wapi. Mwaija naye hakuuliza, kwa kuwa kilemba hufungwa kwa mwalimu na mwalimu alikuwa yeye. Aliufagia ua mpaka mchanga ukaonyesha meno ya ufagio. Aliazima mikeka ya Sikuzani. Kilichompa mashaka ni kitu kimoja tu: Gongoni haikuwahi kuonekana mwanamke amefungwa kilemba, na hakujua kitakaaje juu ya leso. Siku ya kuamkia Ijumaa Sikuzani akaja na kitambaa kikuukuu wakajaribu.

"Tulia basi! Unatikisa kichwa kama mbuzi wa kuchinjwa."

"Umenikaza masikio."

"Ndivyo vinavyokaa. Wee, Mwaija, tazama! Umekuwa kama liwali."

"Liwali ana ndevu."

"Ndevu utaazima kwa mwali wako."

Wakacheka mpaka Mwaija akashika mbavu. Sikuzani baadaye alisema hakuwahi kumwona akicheka vile tangu mumewe afe.

Ijumaa alipika wali wa nazi na kuku wa kupaka, akavaa leso mpya, akakaa kungoja. Watu wakatoka msikitini. Mlangoni wakaja wanaume wawili vijana anaowajua kwa sura, wakasimama bila kukaa.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

"Marahaba. Karibuni mkekani."

Wakatazamana. "Hatukai, Bibi. Tumeagizwa na Husseni tuje tuchukue chakula. Mafundi wameshakaa barazani kwa Fundi Mwinyijuma."

Mwaija hakuuliza wanafanya nini huko. Aliyatazama masufuria, akaitazama mikeka ya watu. Sikuzani, aliyekuwa anachambua bizari, alisimama na kusema wasipewe hata punje, chakula kimwagwe kwa kuku. Mwaija akamkataza.

"Chakula hakijamkosea mtu," alisema. "Chukueni. Msimwage mchuzi njiani."

Huyo Fundi Mwinyijuma hakuwa mtu mbaya wa kazi. Milango yake ilikuwa mizuri, na masanduku, na alikuwa na shamba na sauti kubwa. Kwenye baraza yake ndiko matajiri walikokuja kutafuta mafundi, na asiyekaa mkekani pake hakupata kazi ya nyumba kubwa. Alikuwa hana mwambaji mzuri. Husseni alikuwa hana mkeka wa kukaa. Walipatana hivyo, kila mmoja kwa haja yake, na haja ya Mwaija haikuingia kwenye mapatano.

Lakini kulikuwa na jambo walilolisahau. Desturi ya wawambaji ni kwamba mwanafunzi hukiwamba kitanda cha kufuzia chote mbele ya mafundi, isipokuwa fundo la mwisho. Fundo la mwisho hulifunga mwalimu wake, ili kazi ionekane imetoka mkono mmoja ikaingia mwingine. Husseni aliwamba vizuri, watu wakamsifu. Mwinyijuma, kilemba kipya kichwani, akainuka akaushika mwisho wa kamba, akavuta kama alivyozoea yeye, kwenda kulia. Kitanda kile kilikuwa kimelalia kushoto. Alivyozidi kuvuta ndivyo safu zilivyozidi kulegea, moja baada ya nyingine, mpaka mchagoni, upande wa kichwa. Akafungua, akavuta tena, zikalegea zaidi. Bi Zuleha, aliyekuja kukichukua kitanda cha mjukuu wake, akakisogelea akakibonyeza kwa kiganja.

"Hiki ni kitanda," akauliza, "au ni jarife la kuvulia papa?"

Mwaija alikuwa bado amekaa palepale uani Husseni alipoingia, anachechemea mbiombio, jasho linamtoka.

"Dada, njoo. Fundo limekataa."

"Mwite fundi wako alifunge."

"Dada."

"Si amevaa kilemba? Kilemba hakifungi kamba?"

"Nipige, dada. Nitukane. Lakini Tabia anaolewa Jumapili na kitanda kimelegea mpaka mchagoni. Bibi yake amesimama pale ananitazama. Nisipofuzu leo, sitakaa mkekani maisha."

Mwaija akamtazama sana. Alimwona mdogo wake, goti limevimba kwa kukimbia.

"Nikija," akasema, "utasema?"

"Nitasema."

"Mbele yao?"

"Mbele yao, wallahi."

Akajitanda leso akaenda. Wanaume waliokaa mkekani wakasogeza miguu yao apite. Hakumsalimu mtu. Aliinama juu ya kitanda, akakipapasa kama baba yake alivyopapasa matendegu, akalifungua fundo la Mwinyijuma kwa vidole viwili. Akapanda, akaweka kisigino kwenye ubao wa miguuni, akaanza kukaza kutoka mchagoni, safu kwa safu, kwa mkono wa kushoto, hana haraka. Safu zilikuwa zinajipanga nyuma ya mkono wake kama watu wanaonyoosha safu ya sala. Mafundi wale walikuwa mafundi kweli, na fundi hata awe na kiburi namna gani hawezi kuitazama kazi kama ile akajifanya haioni. Alipofika mwisho akapitisha kamba, akairudisha, akavuta mara moja, fundo likazama ndani lisionekane. Akashuka. Akakipiga kofi kitanda, kikalia mpaka njiani.

"Ahaa!" Bi Zuleha akasema. "Sasa hiki ni kitanda. Ni mkono wa nani huu?"

Swali lenyewe ndilo hilo, na halikuulizwa na Mwaija. Mwalimu hajitaji mwenyewe, mwanafunzi ndiye humtaja. Kwa hiyo Mwaija alisimama akamtazama ndugu yake, na watu wote wakamtazama. Husseni akafumbua kinywa. Mwinyijuma akakohoa, akakiweka sawa kilemba chake.

"Ni mkono wetu sote, Bibi," akasema kwa ile sauti yake. "Mkono wa mafundi wa Bagamoyo. Au siyo, Husseni?"

Husseni akakifumba kinywa, kisha akainamisha kichwa.

"Ni kama alivyosema fundi," akasema.

Bi Zuleha alitaka kitanda na kitanda alikipata, hakuuliza tena. Mzee Majaliwa, aliyemkerezea Bwanausi matendegu miaka yote, aliyemjua Mwaija tangu hajaota meno, aliangalia vidole vya miguu yake. Mwaija akaokota leso iliyoteleza begani.

"Masufuria yangu yarudi yameoshwa," akasema, akatoka.

Yalirudi yameoshwa. Husseni hakurudi. Alikaa mkekani kwa Mwinyijuma, akapata kazi za nyumba kubwa, na Mwinyijuma akasifiwa kwa mwanafunzi wake. Ilipokuja vita ya Wadachi, manowari zikaupiga mji, watu wakakimbilia Fukayosi na mbele zaidi kila mmoja na mzigo wake. Mwinyijuma alifia huko huko porini kwa homa, na Husseni akaenda akatulia Miono, akaoa, akafungua kazi.

Mwaija alirudi Gongoni bunduki ziliponyamaza. Makumbi yake aliyafukua kwenye tope, yalikuwa hayajaharibika. Nyumba nyingi zilikuwa zimeungua na watu wanalala chini, basi aliwamba kuliko alivyowahi kuwamba maishani mwake, vitanda vya watu wakubwa na vya maskini, na hakumpa mtu kamba hafifu kwa sababu ni maskini. Wajane aliwawambia bila kuwauliza kitu. Vingine vilikuwa vya miti ya mikoko iliyofungwa fungwa tu, havina hata tendegu la kukerezwa, lakini ukivipiga kofi vinalia sawa na cha Tabia. Wapo watu Bagamoyo wasiokubali kulala kwenye kamba nyingine.

Majaliwa alikuja kwake siku moja, ametembelea fimbo.

"Mwanangu," akamwambia, "siku ile niliona. Nilijua."

"Najua ulijua."

"Siku ile nilikuwa nimeachwa huru utumwani juzi tu, Mwaija. Mkeka ule nilikalishwa kwa hisani. Ningesema nini?"

"Ungesema ulichokiona. Kakisemee huko ulikonyamazia, si hapa. Hapa mimi nakijua."

Akampa maji ya kunywa, mzee akanywa akaondoka. Hakukisema.

Halafu alikuja mwanamke wa Miono anauza muhogo, akakaa kupumzika uani, akaviona vitanda. Akasema hata yeye ana kitanda cha kamba zilizolalia kushoto hivyo hivyo, kimewambwa na Fundi Husseni, na kule Miono wanasema hiyo ndiyo namna ya marehemu Fundi Mwinyijuma wa Bagamoyo, hakuna mwingine aliyeijua.

"Ukikipiga kofi kinalia?" Mwaija akamuuliza.

"Kinalia, Bibi. Hata mgeni akikaa, jirani anasikia."

"Vyema," Mwaija akasema. "Basi hakusahau." Akaendelea kusokota.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwinyijuma amekufa, yake yako kwa Mungu. Husseni bin Bwanausi yu hai Miono, anakula kwa kazi ambayo mwenye kumhalalishia hajamhalalishia, maana hajaombwa. Anadaiwa maneno matatu: "Huyu ndiye aliyenishika mkono," jina la dada yake, na kuomba radhi, ayaseme mchana mbele ya mafundi, si kwa kutuma mtu. Majaliwa anadaiwa ushahidi, pamoja na kila mwanamume aliyesogeza miguu mkekani siku ile ili Mwaija apite. Kitambaa chenyewe Mwaija hakidai.